Mwanangu, Usimupangishe Radi Milele

Mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mutu, hata padri kwenye kitubio, hata Mama. Ile siku ulipoongea kwa telefone na yule bwana wa sinema wa Nairobi, asiyesema mambo ya kazi ila kwa Kingereza, mimi nikiwa katikati yenu nageuza Kingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kingereza, aliuliza swali moja ambalo sikulielewa. Nikajibu ndiyo. Nilijibu kwa jina lako, kisha nikakugeukia nikasema: "Anasema anapenda sana kazi yako, hakuna shida."

Hakusema hivyo.

Sasa umeenda kwa kinyozi, Mama yuko uani anapiga pasi shati lako la safari, na mimi nimekaa kwenye meza yako ya kuchorea, katikati ya kopo za rangi, naandika haraka. Mambo ya soksi, ya dawa ya malaria na ya kutolala kwenye bisi ukiwa na mufuko mapajani, Mama amekwisha kuyasema mpaka unayaimba. Sina la kuongeza hapo. Nina hili langu tu, na naogopa.

Kama karatasi hii itafunguliwa barieri, pale mupakani, na mutu asiyetujua, ajue kwamba sijachanganyikiwa. Nina miaka kumi na saba, na huyu ninayemwita mwanangu ndiye aliyenizaa. Alinipa jina la mama yake, Veneranda, na kwetu anayepewa jina la mukubwa anapewa na kiti chake. Tangu sijajua kutembea unaniita mama. Nilipokuwa mudogo ulikuwa unapiga magoti mulangoni kila asubuhi, burashi zako kwapani: "Mama, naomba njia." Na mimi, kamasi puani, najibu kama ulivyonifundisha: "Enda, mwanangu. Usipigane na watu. Rudi na mukate." Na ulikuwa unarudi na mukate. Nadhani hapo ndipo niliamini kwamba neno langu lina nguvu, na wewe pia, pole pole, ukaamini. Muchezo ukageuka kitu kingine. Nikisema ndiyo, kwako ni ndiyo ya mama.

Ndiyo sababu ile ya telefone inanichoma.

Ilikuwa Siku ya Mungu, baada ya misa. Uliweka telefone mezani, sauti wazi. Mama alikuwa na sahani ya maharagi anachagua mawe. Ndugu yako, Tonton Deo, alisimama mulangoni na kofia yake ya pikipiki mukononi, anajifanya hasikilizi.

"Uliza ye kama Radi wangu atasema Kiswahili mu filimu," ukaniambia.

Nikauliza. Akasema ndiyo, Kiswahili kwanza. Mukacheka wote kwa furaha.

"Uliza ye kama mimi njo nitachora."

Akasema watashirikiana nawe. Neno hilo niliona ni dogo kuliko swali lako, nikalitafsiri kwa sauti kubwa kidogo ili lionekane kubwa.

Kisha bwana yule akaanza kusema kirefu, mbio, kama mutu anayesoma. Nilishika vipande: baba yako, dunia nzima, kubadilisha. Katikati kulikuwa na neno refu ambalo sikuwahi kukutana nalo, si kule Uganda kwa shangazi nilikosomea Kingereza miaka miwili, si hapa kwa masista. Akamaliza kwa sauti ya kuuliza. Nyote munaniangalia. Mimi ambaye hata darasani nikiulizwa jina langu natoka jasho. Ningeweza kumwomba arudilie. Ni sentensi fupi, tulifundishwa mwaka wa kwanza. Lakini nilimwona Mama ameacha kuchagua mawe. Nikaona haya kwamba pesa zote za shule zilikuwa zinaishia pale, kwenye neno moja. Nikasema yesi. Nikaisema mara mbili.

"Aba! Mutoto eko ambasadere!" Tonton Deo akapiga kelele. "Kesho bamupe gari na bendera!"

"Si mutoto," ukamujibu. "Ni mama yangu. Bamama banajua."

Mulikunywa fanta kwa ajili yangu. Yangu sikuimaliza.

Kontra, ile karatasi ya mapatano, ilipofika kwenye telefone yako, ulienda kuichapisha pale sekretaria, ukaitia kwenye plastiki na kuiweka chini ya godoro pamoja na picha za Radi wao walizochora na kutuma. Ulikuwa bado unamalizia ukuta wa ile farmasi, ukisema nitakutafsiria siku ukipumzika. Mimi sikungoja. Niliisoma peke yangu, kidole kwenye mustari, na kwenye karatasi ya tatu nikalikuta lile neno refu limekaa. Maana yake ni milele. Alikuwa ameuliza hivi: je, baba yako anakubali kwamba tunaweza kumubadilisha Radi namna tunavyotaka, dunia nzima, milele? Na mama yako akasema yesi, yesi. Wameandika hata hapo juu, kwa heshima: kama tulivyosikilizana kwa telefone.

Tangu siku hiyo umeniuliza mara nyingi kama kontra ni nzuri. Nimekujibu kwamba ni ndefu.

Radi. Kila mutoto wa mutaa wetu wa Mapendo anamujua. Mutu wa kuchomelea vyuma aliyepigwa na radi juu ya bati la kanisa, akabaki na umeme vidoleni. Unamuchora tangu nikiwa shule ya primaire, unafotokopi, unapiga pini katikati, unauza kwa wanafunzi. Hapigi mutu. Anachomelea milango iliyovunjwa na mapaa yaliyong'olewa na upepo, na akimaliza anavuta kinyago chake cha kazi usoni kwa sababu anaona haya kushukuriwa. Watu wanasema Radi ni wewe. Mimi najua ile haya ulinikopa mimi.

Sasa nikuambie nilichojifunza, maana uliwahi kuniuliza nikajibu ovyo. Unakumbuka ile sale ya video, kile chumba cha kuonyeshea filimu, tuliyokuwa tunaenda na Tonton? Kila baada ya miaka kidogo shujaa yule yule wa nguo za kubana alikuwa anarudi, kijana tena, sura ya mutu mwingine, na mwanzoni wazazi wake wanauawa tena. Tonton akapaza sauti gizani: "Baba ya huyu anakufa mara ngapi? Kwabo makaburi hayajae?" Sale nzima ikacheka. Wewe ukainama sikioni mwangu: "Mama, weye unasoma. Juu ya nini banamurudilia tu?" Nikasema labda wazungu wameishiwa na hadithi.

Hawajaishiwa. Nimesoma kila nilipopata mega za intaneti za kutosha kwenye telefone ya Mama, kwa Kifaransa na kwa Kingereza, mpaka macho yakaniuma. Mara nyingi kampuni ya sinema haina shujaa wake. Imemukodi kwa yule aliyemuchora, ama kwa wenye vitabu. Na kontra inaiambia kampuni: haki ya kumutia kwenye filimu ni yako, lakini ukikaa miaka fulani bila kutengeneza, inarudi kwa mwenyewe. Basi muda ukikaribia kwisha, kampuni inashtuka. Muchezaji wa kwanza amezeeka, ama sasa anaomba pesa ya kutisha. Filimu ya mwisho iliharibika, hadithi imefungwa vibaya, haina pa kuendelea. Watoto wa leo hawakuona ile ya zamani. Wanafanya nini? Wanafuta ubao. Wanatafuta kijana mwingine, wanamuzaa upya, wanawaua wazazi upya. Jina watu wanalijua tayari, hawaogopi kununua tikiti, na muda wa kontra unaanza kuhesabiwa tena tangu mwanzo. Siyo zote zinarudiliwa kwa sababu hiyo. Nyingine ni kwamba tu ile ya kwanza ilileta pesa. Lakini nyingi, ukizifunua, chini yake unakuta kontra inayokaribia kufa.

Tena haki ya shujaa mumoja inakatwa vipande. Kitabu ni kipande, filimu ni kipande, televizheni, nguo za watoto zenye picha yake, kila kimoja kinaweza kwenda kwa mutu wake. Ndiyo maana kuna mashujaa walioanza urafiki kwenye kitabu kimoja, na kwenye sinema hawajuani: mumoja amepangishwa huku, mwenzake kule. Na pesa ya kwanza wanayokupa haiwi hata ya filimu. Wananunua muda, ili usimupe mutu mwingine wakati wao wanazunguka kutafuta wenye kulipa. Wakikosa, muda unapita, wanaondoka, unabaki na Radi wako na kile walichokwisha kukupa. Ingekuwa hivyo tu, mwanangu, ningekusindikiza kesho nikiimba.

Kontra yako ina miti ndani.

Unajua ninachosema, ni wewe uliyenisimulia. Mama yako, Veneranda wa kweli, alikuwa na shamba kule Rutshuru, na mwaka aliougua muguu alilikodisha. Kule mupangaji anapanda vitu vya musimu, maharagi, mahindi, viazi. Hapandi migomba, hapandi miti. Maharagi yanavunwa yanakwisha. Muti unabaki, na mwenye muti anakuwa na neno juu ya udongo. Bibi alilijua hilo kuliko mutu yeyote. Lakini yule mupangaji alikuwa mutu mwema, alikuwa anamuletea maziwa, na siku moja akaomba apande mikaratusi michache pembeni, ya kuzuia upepo tu. Bibi akaona haya kukatalia mutu wa maziwa. Akasema ndiyo. Siku alipotaka shamba lake, mutu yule akasema kwa upole: "Mama, ngoja kwanza nikate miti yangu." Akakata. Na mukaratusi ukikatwa unachipuka tena kwenye kisiki. "Mama, na haya machipukizi ni yangu pia, ngoja yakomae." Ulisema bibi alikufa akingoja miti iishe.

Karatasi ya nne ya kontra yako inasema hivi: haki ya filimu ni ya miaka kadhaa, lakini kila mara kampuni ikitengeneza "kazi yoyote ya picha zinazotembea, hata iwe fupi namna gani", miaka inaanza upya. Hata iwe fupi namna gani. Wanaweza kuchezesha Radi dakika moja kwenye telefone, akikohoa tu, halafu shamba linakuwa lao tena. Hawatahitaji hata kumurudilia vizuri, kama wale wa sale ya video. Chipukizi moja linatosha. Na wewe hutaweza kumupeleka popote, wala kuchora kitabu kipya bila kuwauliza, kwa sababu hata vitabu wameviweka mule ndani.

Hilo bado si linaloniondolea usingizi.

Ulipotoa zile picha zao, wote tulikusanyika. Radi wao ni kijana, ana kifua kama mulango wa benki.

"Bamemunenepesha!" ukasema, unacheka.

"Huyu anakula nyama asubuhi," Tonton akasema. "Wetu anakula majani ya sombe, njo maana anaingia kwenye paa bila kulivunja."

Mama peke yake hakucheka. Aliweka kidole kwenye picha. "Na hizi manguo ni za nani?"

Kwa sababu Radi wao amevaa nguo za askari, na kofia, na begani ana bunduki mahali pa waya wa kuchomelea.

"Ni rangi tu, Mama Vene," ukamujibu. "Batu ba sinema banapenda rangi."

Mama alirudisha picha kwenye plastiki, akaangalia mulango.

Papa. Hapa kwetu rangi ya nguo haijawahi kuwa rangi tu, na wewe unalijua, wewe ambaye unakataa kupaka hata ukuta wa baa ukiombwa rangi fulani. Kila atakayeiona ile kofia atauliza ni ya upande gani. Wa upande huu watasema unawatukana, na wa upande ule watasema unawasifu wale. Leo wanaweza kumuvalisha hivi, kesho wakamwanzisha upya wakamuvalisha vile, milele, na kila mara chini ya filimu patakuwa na jina lako, kwa kuwa karatasi ya saba inasema jina la muchoraji litawekwa daima. Nimetafuta mahali palipoandikwa kwamba unaweza kuliondoa ukitaka. Hakuna. Wao wako Nairobi. Sisi tuko hapa, nyuma ya mulango ulioupaka bluu mwenyewe na kuandika juu yake, kwa herufi zinazosomeka toka barabarani, kwamba muchoraji anakaa humu.

Na kwenye picha zao ukurasa wa kwanza ni nyumba. Baba amelala mbele ya mulango, mama ameanguka juu yake, mutoto anaangalia. Lazima waanze hivyo, nimeelewa: mutoto mwenye baba nyumbani hana haja ya kuruka juu ya mapaa. Zamani nilicheka pamoja na Tonton. Sasa pikipiki ikisimama mbele ya geti ya parcelle yetu, naacha kupumua mpaka nisikie ni nani.

Sikuambii usiende. Utavuka barieri, utapanda bisi mpaka Kigali, utaruka kutoka kule kwa kuwa hapa ndege haziruki, na nitaogopa kila hatua, lakini woga huo ni wa kawaida, tunaishi nao kama mavumbi. Ninaogopa zaidi ile meza yao. Watakupokea vizuri. Watakulaza hoteli, watakupa nyama, watakusifu kwa Kiswahili kizuri cha kwao. Na wewe utaona haya. Utajiambia: watu wamenilipia ndege, nimekula chakula chao, nitawakatalia karatasi? Haya hiyo naijua. Nimeirithi kwako, wewe uliirithi kwa yule aliyekubali miti. Ndiyo iliyosema ndiyo kwenye telefone. Mimi niliikopesha mudomo tu.

Basi ukae nao, ule, ucheke. Wakileta kalamu, uwaambie: mama yangu hajaona. Watacheka, watadhani ni desturi ya Wakongomani. Waache. Ni desturi kweli. Uwaombe waondoe lile neno milele. Kuanza upya kwa miaka kuwe kwa filimu nzima, inayoonyeshwa kwa watu, si kwa kikohozi. Vitabu vibaki vyako. Na bunduki, hapana, wala nguo za upande wowote. Kama hawawezi kuahidi hilo, basi jina lako uwe na ruhusa ya kulitoa siku unayotaka. Wakikubali, weka sahihi na unitumie picha. Wakisema haiwezekani, rudi na karatasi bila sahihi, kama zilivyo, na useme kosa ni la mama yako, alijibu kabla ya kuelewa. Itakuwa ni kweli.

Naogopa na hili lingine: labda nakuharibia bahati. Mama ameanza kuangalia mabati ya watu tukipita njiani, anahesabu yale atakayonunua kwa pesa ya filimu. Umengoja mutu akuone tangu kabla sijazaliwa, na aliyekuona ni huyu. Kama hakutakuja mwingine, utaniangalia vipi mezani? Utaendelea kuniomba njia asubuhi? Nimejiuliza hilo sana, na kila mara nilirudi kwenye kunyamaza, kwa sababu kunyamaza nakujua vizuri. Lakini nimeona kunyamaza kwangu nako kumekwisha kusaini.

Nilipanga kuikunja hii na kuiingiza ndani ya soksi kwenye mufuko wako, uikute Kigali, mbali, nisione uso wako ukisoma.

Geti imelia. Nakusikia uani: "Mama Vene, angalia, kinyozi amenifanya seminariste!" Mama anacheka, anakuambia usiguse shati na mikono yenye nywele. Sasa mawe ya volkano yanalia chini ya viatu vyako, unakuja huku kuchukua burashi zako. Mukono wangu umekwisha kuifunika karatasi na kopo ya rangi. Nimeiondoa kopo. Utauliza, "Mama, unaandika nini?", na leo sitasema si kitu. Uko mulangoni. Keti, mwanangu. Nitakusomea mwenyewe, kwa sauti, kuanzia ile ndiyo, na hata ukikasirika nitaendelea kusoma mpaka mwisho.